Ziara ya Kundi Ulaya kwa Anayesafiri Peke Yake: Kampuni Inakuacha Wapi

Mtu anayelipia ziara ya kundi akiwa peke yake hununua vitu viwili: basi, na utulivu wa kujua kwamba hatakuwa mwenyewe ugenini. Basi atalipata. Utulivu ataupata kwa saa maalumu tu. Kundi huzaliwa jioni ya siku ya kwanza kwenye ukumbi wa hoteli, kiongozi wa msafara anapoita majina, na huvunjika asubuhi ya mwisho baada ya kifungua kinywa. Kabla ya kikao kile, baada ya kifungua kinywa kile, na kila mahali ratiba ilipoandika “muda huru”, kampuni haina habari na wewe, na mkataba unairuhusu. Waliokuja wawili wawili huivuka mianya hiyo pamoja. Wewe unaivuka na simu yako. Wengi waliorudi na machungu kutoka safari za namna hii yaliwakuta kwenye mwanya mmojawapo, mara chache sana ndani ya basi. Kwa hiyo mianya ndiyo nitakayoifuata, kwa mpangilio wa safari yenyewe.

Nachukua njia inayouzwa sana, ya siku 10 na usiku 9 kwa basi: Amsterdam usiku 2, Paris 2, Lucerne kule Uswisi 2, Venice 1, Roma 2. Msafiri ni Mtanzania au Mkenya, anatoka na pasi yake ya kawaida, hana ndugu huko.

Tuanze na bei, maana ndipo machozi ya kwanza yanapoanzia. Tuseme tangazo linasema euro 1,900. Chini kwa herufi ndogo pameandikwa kwamba hiyo ni bei ya mtu mmoja wakilala wawili chumba kimoja. Hoteli huuza chumba, haiuzi kitanda. Ukilala peke yako, sehemu ya mwenzako ambaye hayupo inarudi kwako kama nyongeza ya chumba cha mtu mmoja. Tuiweke euro 500. Chakula kilichomo ni kifungua kinywa cha kila siku na takriban nusu ya vyakula vya usiku. Zinabaki milo 9 ya mchana kwa euro 15, na ya usiku 5 kwa euro 25: jumla 260. Usiku mmoja wa ziada kabla ya kundi kukutana, 110. Usafiri wa uwanja wa ndege kwenda na kurudi, 40. Matembezi ya hiari mawili matatu, 250. Bakshishi ya kiongozi na dereva kwa siku 10, tuseme 80. Maji na vyoo vya kulipia, 20. Hesabu hii ya mfano imefika euro 3,160, na bado hujagusa nauli ya ndege, viza wala bima. Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: chukua bei ya tangazo, ongeza theluthi mbili, kisha ndipo ujiulize kama unaiweza. Anayekwenda na bei ya tangazo mfukoni atakaa kwenye basi Lucerne wakati wenzake wamepanda mlimani, na uchungu wake hauna mtu wa kumwambia.

Kampuni nyingi hutoa njia ya kukwepa ile nyongeza: unapangwa chumba kimoja na msafiri mwingine wa jinsia yako ambaye naye kaja peke yake. Kabla hujakubali, pata majibu ya maswali matatu kwa maandishi. Asipopatikana mwenza, nani analipa? Kampuni zenye utu huibeba gharama yenyewe, nyingine zinakutumia bili wiki chache kabla ya safari. Vitanda ni viwili, au kimoja kipana? Na ikitokea hamuelewani usiku wa pili, chumba cha peke yako kinawezekana, na kwa bei gani ya usiku? Maoni yangu ni haya: kama pesa inaruhusu kitu kimoja tu cha anasa, kiwe chumba chako. Siku za ziara hizi ni ndefu, unakaa na watu wageni tangu asubuhi hadi saa nne usiku, na mlango unaoweza kuufunga una faida kuliko matembezi yoyote ya hiari. Ila kama wewe ni mtu unayenyong'onyea ukiwa mwenyewe usiku, mwenza wa chumbani anaweza kukufaa sana. Hapo kila mtu anajijua.

Ukubwa wa kundi nao ni wa kuuliza. Basi kubwa hubeba watu zaidi ya arobaini, na wengi wao ni wenza na familia ambao tayari wana watu wao wa kuongea nao. Kundi la watu 12 hadi 16 ni ghali zaidi kwa siku, lakini ndani yake hakuna wa kujificha wala wa kusahaulika. Wanaokuja peke yao ni wengi, na ifikapo siku ya pili kila mtu anajua jina lako. Zipo pia kampuni za vijana wa miaka 18 hadi 35. Mtu wa miaka 34 anayependa kulala mapema afikirie mara mbili kabla ya kuingia huko.

Mkataba usomeke kabla ya kulipa amana. Ziara inayouzwa na kampuni ya nchi ya Umoja wa Ulaya inaongozwa na sheria ya vifurushi vya safari ya mwaka 2015, na humo mna mambo manne yanayokuhusu. Kampuni ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 baada ya wewe kusaini, una haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa. Ikikosa idadi ya chini ya watu, inaweza kufuta safari ya zaidi ya siku 6 mradi ikujulishe siku 20 kabla, nayo inarudisha ulicholipa bila fidia. Unaweza kumwachia mtu mwingine nafasi yako ukitoa taarifa siku 7 kabla, ukilipa gharama za kubadilisha. Na kampuni lazima iwe na dhamana ya kurudisha pesa za wateja ikifilisika. Jambo la pili ndilo linaloumiza watu wa kwetu. Kampuni inarudisha pesa za ziara. Tiketi ya ndege uliyonunua kwingine na ada ya viza ni hasara yako. Kwa hiyo tafuta tarehe ambayo tayari imethibitishwa kwamba itaondoka, na usilipie ndege isiyorudishika kabla ya hapo. Ukinunua kupitia wakala wa Dar es Salaam au Nairobi, mwombe akuandikie jina la kampuni itakayoendesha basi na masharti yake, maana risiti ya wakala peke yake haikuambii utamdai nani.

Swali jingine la kuuliza kabla ya amana: viza ikinyimwa, inakuwaje? Kwa kawaida kampuni inalihesabu kuwa umejitoa mwenyewe, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo makato yanavyopanda hadi bei nzima. Baadhi hukubali kurudisha pesa wakikata gharama za ofisi tu, ukiwaonyesha barua ya kunyimwa. Sharti hilo likiwa kwenye barua pepe, lina thamani kubwa kuliko punguzo lolote la msimu.

Sasa viza yenyewe. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwenye nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Nchi zikilingana, unakwenda kwa ile utakayoingilia kwanza. Kwenye ziara yetu, basi linaanzia Amsterdam, na wengi hukimbilia Uholanzi. Hesabu usiku: Uholanzi 2, Ufaransa 2, Uswisi 2, Italia 3. Ombi ni la Italia. Lakini ukiongeza usiku mmoja Amsterdam kabla ya kundi kukutana, kama nitakavyokushauri hapa chini, Uholanzi nayo inakuwa na 3, zinalingana, na kwa kuwa unaingilia Uholanzi ombi linahamia huko. Usiku mmoja wa hoteli umebadilisha ubalozi. Kwa hiyo panga kila usiku wa safari, wa kundi na wa kwako, kabla ya kuchukua miadi. Na si kila nchi ya Schengen ina dirisha lake la viza mjini kwako, hivyo jambo hili linaweza pia kuamua kama utasafiri hadi mji mwingine kupeleka alama za vidole.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, ukijumlisha na malipo ya kituo kinachopokea maombi, na hairudi hata ukinyimwa. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na ifunike tangu siku ya kuingia hadi ya kutoka, pamoja na usiku wako wa ziada. Hilo la mwisho hukosewa mara nyingi: bima inanunuliwa kwa tarehe za kundi, tiketi inaonyesha siku mbili zaidi, na karani anarudisha faili.

Kutoka kwa kampuni ya ziara usikubali karatasi ya matangazo ya ratiba. Omba barua yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasi, namba ya pasi, tarehe, hoteli ya kila usiku na anwani yake, na kiasi ulicholipa. Tiketi ya ndege haihitaji kulipwa kwanza. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha kwa ombi. Mwajiriwa aambatishe barua ya likizo inayotaja siku ya kurudi kazini. Mfanyabiashara apeleke leseni, TIN na uthibitisho wa kodi. Taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6, kulingana na nchi, ionyeshe pesa inayoingia na kutoka kwa mwendo unaoeleweka. Kiasi kikubwa kilichoingia kwa mkupuo wiki iliyopita kinatia shaka hata kama ni chako halali. Kama ni mkopo wa SACCOS, mauzo ya kiwanja au zamu yako ya mchezo, weka karatasi inayoonyesha hivyo. Anayesafiri peke yake huangaliwa zaidi kwenye swali la kama atarudi, kwa hiyo vyeti vya watoto, ndoa, nyumba au masomo yanayoendelea viingie kwenye faili hata kama havikutajwa kwenye orodha. Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama na maelezo ya jinsi ya kukata rufaa. Isome kwa utulivu. Kunyimwa kunauma, kunamfanya mtu ajione mshukiwa, na wengi huirarua fomu kwa hasira wakati ndiyo inayosema kitu gani kirekebishwe kwenye ombi la pili.

Kuna mitego miwili ya njia. Ziara nyingi za Ulaya huanzia na kuishia London, na Uingereza haimo Schengen: utahitaji viza ya pili, yenye ada na miadi yake. Na ziara inayotoka Schengen kwenda Bosnia au Montenegro kisha ikarudi Kroatia inahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukipewa ya mara moja, basi litavuka mpaka na wewe utabaki.

Majina nayo yana kazi yake. Tangu Oktoba 2023 tiketi za Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, huandikwa jina na hulinganishwa na kitambulisho mlangoni. Sisi wenye majina matatu tunaojaza mawili hapa na matatu pale ndio tunaosimamishwa. Jina moja, mpangilio mmoja, kwenye ndege, ziara, bima na tiketi zote.

Maandalizi ya vitu hayahitaji maneno mengi. Chukua sanduku moja unaloweza kulipandisha ngazi mwenyewe, maana hakuna mwenza wa kulishika. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii Ulaya. Chukua adapta ya pini mbili nyembamba za mviringo, kwa sababu ile nene ya Kijerumani haiingii kwenye soketi za Uswisi wala nyingi za Italia. Laini ya simu au eSIM ya Umoja wa Ulaya huenda isifanye kazi Uswisi, ambayo haimo kwenye Umoja, hivyo hakikisha kifurushi kinaitaja kwa jina. Kadi ziwe mbili, zikae sehemu mbili. ATM ikikuuliza kama ikutoze kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Kiwango cha benki yako kwa kawaida ni nafuu kuliko cha mashine. Koti la baridi liwepo hata Julai: Jungfraujoch, kituo cha watalii kwenye milima ya Uswisi, iko mita 3,454 juu ya bahari na theluji iko huko mwaka mzima.

Fika siku moja kabla ya kikao cha kwanza. Ndege ikichelewa kuunganisha njiani, aliye na mwenza ana wa kufikiri naye. Wewe utakuwa unakimbizana na basi linaloondoka kesho yake asubuhi. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kusajili picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na foleni ya mara ya kwanza inaweza kuwa ndefu. Karatasi zote, yaani barua ya ziara, hoteli, bima na tiketi ya kurudi, ziwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa utaulizwa kabla hujafika kwenye sanduku lako. Jibu fupi linatosha: nimekuja ziara ya kundi ya siku 10, hii hapa barua, narudi tarehe fulani. Gari la kampuni la kukupokea huwa ni la siku rasmi ya ziara tu. Siku yako ya ziada unajitegemea. Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi kituo kikuu cha Amsterdam ni kama robo saa, lakini soma anwani kwanza, maana hoteli nyingi za makundi ziko karibu na uwanja wa ndege au pembezoni mwa mji.

Kikao cha kwanza usikikose kwa uchovu. Pale ndipo kiongozi wa msafara anapounganisha sura na majina, na pale unamwambia mambo mawili ana kwa ana: unachokula na usichokula, na kwamba uko peke yako, hivyo akihesabu watu hakuna mwenza wa kusema “mwenzangu hajafika”. Mwislamu aandike suala la nyama wakati wa kulipia na alirudie hapa, kwa sababu vyakula vya kundi huagizwa mapema na nyama ya nguruwe ni ya kawaida mno. Samaki au chakula bila nyama hupatikana karibu kila mahali ukisema siku moja kabla. Ukiingia kwenye chakula cha usiku cha kwanza, kaa kwenye meza ya watu sita au wanane, katikati, kamwe si pembeni na wala si meza ya wawili. Viti vya usiku wa kwanza vina tabia ya kuganda hadi mwisho wa safari.

Sasa basi. Watu hukasirika kwamba dereva hangoji hata dakika tano, na wanadhani ni jeuri. Dereva wa basi Ulaya anafungwa na sheria: baada ya kuendesha saa 4 na nusu ni lazima apumzike dakika 45; kwa siku haendeshi zaidi ya saa 9, au 10 kwa siku mbili tu za wiki; na usiku anahitaji mapumziko ya saa 11, ambayo yanaweza kufupishwa hadi 9 mara chache. Kifaa ndani ya basi kinarekodi yote, na polisi wanakisoma barabarani. Siku ya kutoka Paris hadi Lucerne ni zaidi ya kilomita 600, hivyo ukichelewa nusu saa asubuhi unaila saa ya mapumziko yake ya usiku, na kesho basi litalazimika kuondoka kwa kuchelewa na kundi zima litapoteza sehemu ya Lucerne. Ndiyo sababu kiongozi ana ruhusa ya kuondoka na kumwacha aliyechelewa, naye atajilipia hadi hoteli inayofuata. Hapa pana kinga rahisi ambayo wachache wanayo: kila asubuhi andika kwenye karatasi, mfukoni, anwani ya hoteli ya usiku wa leo. Wengi hubeba kadi ya hoteli waliyoamkia, ambayo hadi jioni haina tena mtu wao hata mmoja. Saa za ratiba ni za mfumo wa 24, na Ulaya iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Saa ya mkononi ibadilishwe ndani ya ndege.

Kwenye vituo vya barabara kuu, basi zima hukimbilia choo, kisha foleni ya chakula. Wewe fanya kinyume: chakula kwanza, choo baadaye, na dakika zinakutosha. Weka sarafu za senti 50 na euro 1 tayari. Sanduku likitakiwa kuwekwa nje ya mlango wa chumba alfajiri, hakikisha pasi na dawa hazimo ndani yake.

Mijini unapewa kisikilizio cha sikioni ili umsikie mwongoza wageni wa mji huo. Kinafika umbali mfupi. Sauti ikianza kukatika, jua unaachwa. Ukipotea, simama pale ulipowaona mara ya mwisho na upige simu, usianze kuzunguka. Venice ni ya kuangalia zaidi: mabasi huishia kwenye maegesho ya Tronchetto na mnaingia kwa boti, na tangu 2024 mji umeweka kikomo cha watu 25 kwa kundi la kuongozwa, hivyo basi lenu litagawanywa. Mjue nani yuko kwenye nusu yako, na boti ya kurudi ni saa ngapi. Hoteli inayoitwa ya “eneo la Venice” mara nyingi iko Mestre, bara. Ukikosa boti, treni kutoka kituo cha Santa Lucia hadi Mestre ni kama dakika 10. Kwenye jumba la Vatican na makanisa, mabega na magoti yafunikwe, wanawake kwa wanaume, la sivyo utasubiri nje peke yako.

Muda huru unafaa kupangwa nyumbani, na kalenda mkononi. Louvre, makumbusho makubwa ya Paris, hufungwa Jumanne. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Vita Kuu ya Pili, huuza tiketi mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele, na anayefika Amsterdam bila nayo haingii. Mwanya mbaya kuliko yote ni jioni za matembezi ya hiari. Kundi linakwenda kwenye onyesho Paris kwa euro mia na kitu. Usiyelipa unaambiwa una muda huru, katikati ya mji, na hoteli iko mbali. Kabla ya safari tafuta kituo cha treni kilicho karibu na kila hoteli na treni ya mwisho ni saa ngapi. Kama hoteli haina usafiri wa karibu, lipia safari ya jioni hiyo au urudi mapema. Usitegemee teksi ya saa sita usiku. Na anayekusogelea Montmartre, kitongoji cha Paris chenye watalii wengi, na uzi wa kukufunga mkononi, au karatasi ya kusaini, mpite bila kusimama. Vibaka hupenda mtu aliye peke yake anayetazama simu.

Upweke utakuja, kwa kawaida usiku wa tatu au wa nne, wakati msisimko umepungua na wenza wameshajikalia. Kama wewe ni Mwafrika pekee kwenye basi, utaulizwa maswali ya nywele, simba na umaskini, mengine kwa nia njema, mengine yakichosha. Si lazima ujibu yote. Wanaosaidiwa zaidi ni wale waliotafuta mapema wengine waliokuja peke yao, hata wawili tu, na kukubaliana chakula cha usiku kwenye siku zisizo na mlo wa kundi. Piga simu nyumbani mapema jioni. Ukimaliza kula huko, Dar es Salaam wameshalala.

Ukiugua, kiongozi atakuitia daktari, kisha basi litaondoka. Atafanya hivyo kwa huruma, lakini ataondoka. Namba ya msaada ya bima iwe kwenye simu na kwenye karatasi. Piga kwao kabla ya kulipa chochote hospitalini isipokuwa hali ni ya hatari, ambapo 112 inafanya kazi kila nchi ya njia hii. Tunza kila risiti na taarifa ya daktari. Pasi ikipotea, pata kwanza taarifa ya polisi, kisha ubalozi: Tanzania na Kenya zote zina balozi Paris, Roma na The Hague. Utapewa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, na kwa vitendo ziara yako imeishia hapo, maana viza ilikuwa kwenye ile pasi. Ivae mwilini, chini ya nguo.

Asubuhi ya mwisho kundi linayeyuka ndani ya nusu saa. Bahasha ya kiongozi na ya dereva itolewe jioni iliyotangulia, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye masharti. Gari la kampuni kwenda uwanja wa ndege, kama lipo, hupangwa kwa ndege za saa fulani. Ndege yako ya usiku itakuacha ukumbini na sanduku, hivyo uliza hoteli kama italihifadhi na uweke pesa ya treni ya kwenda Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma.

Ukifika nyumbani usitupe karatasi. Vipande vya tiketi za ndege, barua ya ziara na bili za hoteli ni ushahidi kwamba ulikwenda ulikosema na ukarudi siku uliyosema. Kanuni za Schengen zinampa aliyepata na kuzitumia kihalali viza 3 ndani ya miaka 2 nafasi ya kupewa viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi, na faili ya ombi la pili linaanza kujengwa na karatasi za safari ya kwanza.